Forester XT SG5: nifunge filta gani ya hewa? Karatasi, pamba, sinthetiki au uyoga?

#1 Boksa_Moro

Habari zenu wakuu. Naomba uzoefu wa watu wanaoendesha, maelezo ya kwenye makasha ya bidhaa nimeshayasoma.

Gari ni Subaru Forester XT SG5, injini EJ205, turbo ya kiwandani, kontrol boksi (kompyuta ya injini) haijaguswa. Nakaa Morogoro. Siku za kazi naingia barabara za ndani za mashamba ya miwa huko Mvomero, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kope. Wikendi nashuka Dar kwa lami, na hapo napenda gari livute. Filta ya hewa iliyomo imechoka. Nimeona filta bapa za pamba zenye mafuta, bapa za sinthetiki kavu, na ule uyoga (filta ya koni iliyo wazi) unaotupa boksi lote la kiwandani. Na karatasi bado ipo, bei yake nafuu.

Dai langu la kuanzia: kwenye gari la turbo, filta ya karatasi ndiyo inayoibana injini. Mwenye ushahidi tofauti aje nao.

#2 Mzee_wa_Karatasi

Karatasi. Orijino. Ikichafuka tupa, weka nyingine. Uzi ufungwe.

#3 KoniKubwa

Mzee wa Karatasi hajawahi kusikia turbo ikivuta pumzi, mwacheni.

Boksa, mimi niko Arusha na Impreza GDB yenye uyoga. Gari linaitika mapema, turbo inaamka haraka, na mlio wake unajua mwenyewe. Lile boksi la kiwandani limejaa vyumba vya kuzima kelele, hewa inapita kona kibao kabla haijafika kwenye turbo. Ukilitoa unaisikia tofauti kwenye mguu. Karatasi ni ya Vitz.

#4 Spana17

Nafanya kazi gereji Gerezani na Subaru ndizo zinazonilisha, kwa hiyo niseme ninachokiona nikifungua.

Nikitoa bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, jambo la kwanza ni kupitisha kitambaa cheupe ndani yake, upande ambao filta imeshapita. Gari lenye filta iliyokaa vizuri, kitambaa kinatoka na mafuta kidogo ya mvuke wa injini basi. Gari lenye filta mbovu, kitambaa kinatoka na tope la kahawia. Ukifika kwenye turbo yenyewe unakuta mapanga ya upande wa baridi yamelika ncha, makali yamekuwa butu. Ukipima kompresheni, silinda zimeshaanza kushuka. Hapo mwenye gari anakwambia "lakini filta niliweka ya bei mbaya".

Mara nyingi vumbi halikupita katikati ya filta. Limepita pembeni. Mpira wa ukingo mgumu, au filta fupi kidogo kuliko boksi, au klipu moja ya boksi imevunjika na mtu kafunga waya. Filta bora duniani ikiacha nafasi ya unene wa kadi ya simu, huna filta.

Na jambo la pili, Boksa, naomba unisikie vizuri: acha kabisa kupuliza filta ya karatasi kwa kompresa ya gereji. Najua kila gereji inafanya, na wateja wanaiomba wenyewe. Upepo ule unatanua vitundu vya karatasi na kuipasua kwenye mikunjo. Kwa macho inaonekana safi, lakini sasa inapitisha yale iliyokuwa inayazuia. Igonge taratibu kwenye mkono vumbi la juu lianguke, ikishindikana nunua mpya.

#5 Mzee_wa_Karatasi

Spana17 amemaliza. Niongeze tu kwamba karatasi mpya ndiyo inayopitisha vumbi zaidi kuliko ile iliyotumika kiasi. Tabaka la vumbi linalojengeka juu yake linasaidia kuchuja. Kwa hiyo anayepuliza kila wiki anarudisha filta pale ambapo ni dhaifu, tena na matundu juu.

#6 Dada_EJ

Habari za jioni. Boksa, dai lako linapimika, na huhitaji mashine ya bei kubwa.

Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaopimia usawa wa ukuta kwa maji. Ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja iache hewani, nyingine ichomeke kwenye bomba baada ya filta na kabla ya turbo. Mwenye kuendesha akanyage mpaka mwisho sehemu salama, abiria asome tofauti ya kimo cha maji pande mbili. Kila sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1 ya mgandamizo. Hewa ya usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Ukisoma sentimita 10, maana yake boksi na filta kwa pamoja vinakunyima takriban asilimia 1 ya hewa. Hata ukiendesha bila filta kabisa huwezi kupata zaidi ya hiyo asilimia 1.

Kisha hamisha ncha uipeleke upande mchafu wa boksi, kabla ya filta. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo filta peke yake. Wengi wakipima hivi wanakuta mdomo wa boksi na mabomba vinabana kuliko karatasi yenyewe.

Nayo hewa inayozungumzwa hapa ni nyingi kiasi gani? Injini ya lita 2 ya mipigo minne huvuta lita 1 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 6,000 ni lita 6,000 kwa dakika, na turbo ikisukuma bar 0.8 inakaribia lita 10,000 za hewa ya nje kwa dakika. Gari hilohilo likiwa sailensa kwenye foleni ya Kimara linavuta gramu 3 au 4 tu kwa sekunde, yaani chini ya lita 250 kwa dakika. Muda mwingi wa maisha ya filta uko huku chini, ambako hakuna filta inayobana chochote.

#7 KoniKubwa

Hesabu nzuri dada, ila umehesabu kama injini haina turbo. Upungufu wa mgandamizo kabla ya turbo unazidishwa. Turbo inaongeza kwa uwiano. Ikitakiwa kufikisha boost (msukumo wa hewa wa turbo) ileile huku inavuta kutoka hewa iliyobanwa, lazima izunguke haraka zaidi, na inapasha hewa zaidi. Kwa hiyo asilimia 1 yako mlangoni si asilimia 1 kwenye silinda.

#8 Dada_EJ

Upo sahihi kuhusu uwiano, nakubali. Ikiwa turbo inazidisha hewa mara 1.8, kilopaskali 1 mlangoni ni kama 1.8 baada ya turbo. Lakini asilimia inabaki ileile, 1 kwa 101. Na kama kontrol boksi inalinda boost iliyopangwa, turbo inajazia pengo hilo, gharama yake ni kuchelewa kidogo kuamka na joto kidogo. Ndiyo maana unaisikia kwenye mguu kwenye mizunguko ya chini na katikati hata kama nguvu ya juu haijabadilika.

Sasa nawe nijibu hili: uyoga wako unavuta hewa ya wapi? Kama uko wazi ndani ya boneti, kila nyuzi 3 za joto zinapunguza uzito wa hewa kwa takriban asilimia 1. Chini ya boneti baada ya foleni, hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya nje, umepoteza karibu asilimia 9 ili kuokoa 1.

#9 KoniKubwa

Nimeweka ngao ya bati. Na gari likishatembea hewa ya mbele inaingia.

#10 Spana17

Ngao ya bati iliyo wazi juu, Koni. Nimeiona kwenye picha zako. 😄

#11 NaksTurbo

Salamu kutoka Nakuru. Huku hatuna vumbi jekundu peke yake, tuna la diatomaiti. Ukipita Kariandusi karibu na Gilgil kuna machimbo, vumbi jeupe laini kama unga wa ngano, na ni silika. Silika ndiyo inakula chuma. Punje kubwa za mchanga zinaanguka zenyewe chini ya boksi; hatari ni zile laini za mikroni 5 hadi 20 ambazo huzioni, zinazoingia kati ya ringi na ukuta wa silinda mahali ambapo utando wa oili ni mwembamba.

Mambo ya kuvuta: Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa ni kilopaskali 81 hivi, wakati Mombasa ni 101. Mtu anahangaika na asilimia 1 ya filta wakati mwinuko umeshamla 20. Turbo inatuokoa, lakini inafanya kazi ngumu kuliko ya mtu wa Dar.

Watu wa Subaru huku wanapenda kusema "mbona magari ya rali yanatumia filta za wazi". Kumbukeni gari la rali ya dunia la madaraja ya Group A na WRC wa zamani lilikuwa na kibanio cha milimita 34 mlangoni mwa turbo kwa amri ya FIA, shirikisho la mbio za magari. Hewa yote inapita kwenye tundu hilo. Filta yao haitafuti nguvu, inatafuta kufika mwisho. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally 1996 na Impreza kwa sababu gari lilimaliza.

#12 Mzee_wa_Karatasi

1997, kijana. 1996 alishinda Mäkinen na Lancer. Halafu usimsahau Patrick Njiru, alimaliza wa nne na Impreza mwaka 1994.

#13 NaksTurbo

1997, sawa mzee, shukrani. Njiru siwezi kumsahau mimi, huyo ni wa kwetu.

#14 Pwani_Boost

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Naingilia kwa sababu nina kesi inayohusiana. Niko Mombasa, Impreza WRX GDA. Nilifunga filta bapa ya pamba yenye mafuta, jina silitaji. Ilienda vizuri muda mrefu. Nikaiosha, nikaitia mafuta upya, nikairudisha. Tangu hapo, nikikanyaga taratibu kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 gari linashikashika, kama linataka kuzima halafu linakumbuka. Nikikanyaga kwa nguvu linaenda bila shida. Petroli inaliwa zaidi. Taa ya injini haiwaki. Fundi mmoja kaniambia koili, mwingine plagi. Nyinyi mnasemaje?

#15 Spana17

Mafuta yamefika kwenye sensa ya MAF. Ile ni waya mwembamba unaopashwa moto, kontrol boksi inapima umeme unaohitajika kuuweka kwenye joto lake. Ukipata utando wa mafuta na vumbi, unapimia hewa pungufu kuliko inayopita. Kontrol boksi inaleta petroli ndogo, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, gari linashikashika kwenye mwendo mdogo.

Nunua dawa ya kopo maalumu ya MAF. Usitumie ya kabureta. Usiiguse waya kwa pamba ya masikio wala brashi. Puliza dawa, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Na ukitia mafuta tena, tia mstari mmoja mwembamba kwenye kila mkunjo, acha yasambae yenyewe, kisha jaza palipobaki peupe. Watu wanaloweka kama maandazi.

#16 NaksTurbo

Pole Pwani. Mimi sikubaliani na Spana17 moja kwa moja. Ulipotoa filta ulilitikisa boksi na bomba. Kwenye injini za EJ, bomba la plastiki na mpira linalotoka kwenye MAF kwenda turbo linapita chini ya manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda), miaka na joto vinalikausha, linapasuka. Ufa baada ya MAF unaingiza hewa ambayo haikupimwa. Dalili ni zilezile. Fanya kipimo cha moshi: unaingizwa kwenye mabomba ya hewa, unaangalia unatokea wapi.

#17 KoniKubwa

Ufa baada ya MAF unaleta petroli nyingi, si ndogo. Gari linapimia hewa halafu inavuja nje. Ndiyo maana petroli inaliwa.

#18 Dada_EJ

Inategemea ufa uko wapi, Koni. Kati ya MAF na turbo kuna mvuto, kwa hiyo ufa huingiza hewa ambayo haikupimwa: petroli pungufu. Baada ya turbo, boost ikiwepo, ufa hutoa nje hewa iliyokwisha pimwa: petroli nyingi. Pwani analalamikia kukanyaga taratibu, ambako boost haipo. Hilo linaelekea upande wa NaksTurbo au Spana17. Lakini petroli kuliwa zaidi haliendi vizuri na hadithi hiyo, maana kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inasahihisha mchanganyiko.

Pwani, soma masahihisho ya muda mrefu ya petroli kwenye kompyuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza. Yakiwa juu, tuseme kuongeza asilimia 10 na zaidi, MAF inapimia pungufu au kuna hewa ya wizi. Yakiwa karibu na sifuri, mtuhumiwa si filta. Skana ndogo za Bluetooth nyingi haziongei na Subaru za Japani za miaka hiyo, zinataka lugha ya Subaru yenyewe, SSM. Programu ya RomRaider ni ya bure na inaijua, unahitaji kebo na kompyuta ya mapajani.

#19 Mzee_wa_Karatasi

Au arudishe karatasi aone.

#20 Boksa_Moro

Nafuatilia. Kwa hiyo mafuta ya pamba yanaua MAF au hayaui? Hapo ndipo pesa yangu iliposimama.

#21 Spana17

General Motors walitoa waraka kwa mawakala wao wakisema filta zenye mafuta mengi kupita kiasi zinachafua MAF na kwamba uharibifu huo hauko kwenye dhamana. K&N (watengenezaji wa filta za pamba) nao wanasema wamepima na mafuta hayatoki yakitiwa kiasi sahihi. Kwa ninachokiona gereji, iliyotoka kiwandani mpya haina shida kubwa. Shida inaanza baada ya kuoshwa mara ya kwanza na mikono yetu. Hasa anayetia oili ya injini au ATF (oili ya gia-boksi ya otomatiki) kwa kukosa mafuta yake.

#22 MtuWaMaskati

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Maskati, asili yetu Unguja. Hapa majira ya joto hewa inapita nyuzi 45, na watu wanapanda matuta ya mchanga kule Bidiya na Patrol zenye turbo kubwa. Nimeona kila aina.

Wanaoendesha kwa kushindana wanafunga koni kubwa ndani ya boksi lililofungwa pande zote, lenye mdomo unaovuta hewa ya nje, na juu ya koni wanavalisha soksi ya kitambaa ya kuzuia vumbi. Soksi inaoshwa kila jioni, koni haiguswi. Wengine wanatumia sponji yenye mafuta, tabaka mbili, ya nje ina vitundu vikubwa, ya ndani vidogo. Sponji inabeba vumbi jingi kabla haijabana, hilo ndilo linalopendwa. Lakini hawa wanafungua injini kila msimu. Ukitaka injini ikae miaka, usiige gari ambalo mwenyewe ameshapanga kulifungua.

Mimi gari la nyumbani nimeweka sinthetiki kavu. Haina mafuta, inaoshwa kwa sabuni na maji, inakaushwa kivulini. Nimeridhika nayo.

#23 Mzee_wa_Karatasi

Wa alaykum salaam sheikh. Sinthetiki kavu naiheshimu. Pamba ndiyo siielewi kwa vumbi letu. Kuna jaribio lililofanywa Marekani kwa filta za injini ya dizeli ya Duramax, kwa utaratibu wa kimataifa wa kupima filta, ISO 5011. Karatasi ya AC Delco ilizuia asilimia 99.93 ya vumbi, pamba ya K&N 96.80. Watu wanaona 99 na 96 wanasema si mbali. Geuzeni hesabu: katika kila gramu 100, moja imepitisha gramu 0.07, nyingine 3.2. Hiyo ni zaidi ya mara 40.

#24 KoniKubwa

Jaribio moja, filta ya lori dogo la dizeli. Siyo filta ya Subaru. Na K&N wanasema zao zinafika mpaka asilimia 99 kutegemea muundo.

#25 NaksTurbo

Na katika jaribio hilohilo pamba ndiyo ilibana hewa kidogo kuliko zote ikiwa safi. Mzee umeisoma nusu. Ila ni kweli pia ilijaa haraka kuliko karatasi, ikafika kikomo ikiwa na vumbi dogo. Kwa Mvomero hiyo ndiyo habari yenyewe: filta ya kupitisha hewa nyingi leo inaweza kuwa inayobana zaidi baada ya safari za mashamba.

#26 LandikuruzaMkonge

Jamani mnahangaika sana. Nunueni Land Cruiser 70, ina snorkel (bomba la kuvutia hewa juu), ina kikombe cha kuzungusha vumbi juu, mnamwaga vumbi mnaendelea.

#27 Boksa_Moro

@LandikuruzaMkonge nikitaka kufika Dar kesho kutwa nitakutafuta.

#28 LandikuruzaMkonge

Nitakuwa nimefika. Nimekupita Mikese umeegesha unasafisha MAF.

#29 Spana17

😄😄 Lakini msimcheke, wazo la kikombe ni zuri. Kutenganisha punje kubwa kabla ya filta kunaongeza maisha ya filta yoyote. Kwenye Forester SG5 na Impreza za GD kazi hiyo inafanywa kiasi na lile boksi la ndani ya fenda. Watu wanalitoa ili wasikie mlio. Ukilitoa, hakikisha plastiki ya ndani ya fenda ipo nzima. Nusu ya magari yanayoingia kwangu hayana plastiki hiyo, imeng'oka zamani. Hapo mdomo wa filta unavuta moja kwa moja vumbi na maji yanayotupwa na tairi.

#30 JumaMpya_GE

Habari, mimi mgeni kidogo. Kuchafuka filta si ndiko kunakula petroli? Fundi wangu kila service ananiambia hivyo.

#31 Dada_EJ

Karibu. Kwa gari la kabureta ilikuwa kweli kwa kiasi. Kwa gari la sindano (linalopulizwa petroli kwa amri ya kontrol boksi), hapana kwa kiwango hicho. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009: magari ya sindano yenye filta zilizozibwa kwa makusudi hayakula petroli zaidi kwa kiasi cha maana, lakini yalichelewa kuchanganya mwendo. Kontrol boksi inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli ya hewa hiyo. Wewe unakanyaga zaidi kufidia, ndiyo tofauti.

Kwa hiyo kuchafuka kwa filta utakusikia kwenye mwendo kabla ya kukusikia kwenye mfuko.

#32 KoniKubwa

Ila magari yenye turbo hawakupima mengi pale, kama sikosei. Yetu yanavuta hewa nyingi.

#33 Pwani_Boost

Nimerudi na habari. Nimesafisha MAF kwa dawa kama Spana17 alivyosema. Gari lilitulia, nikaanza kumwombea dua. Baada ya siku chache limerudi kushikashika, japo si kama mwanzo. Nikaenda kipimo cha moshi: kuna ufa mdogo kwenye bomba chini ya manifoldi, NaksTurbo. Umezibwa kwa muda nikisubiri bomba la silikoni. Limepungua tena, lakini asubuhi likiwa baridi bado lipo. Masahihisho ya petroli sijayasoma, kebo bado.

#34 NaksTurbo

Nilisema! Bomba.

#35 Spana17

MAF imesafishwa likatulia. Ufa ulikuwepo kabla ya kuosha filta, ufa hauji kwa siku moja. Filta yako bado inatoa mafuta, ndiyo maana limerudi. Itoe, iweke juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likilowa, umepata jibu.

#36 Dada_EJ

Au yote mawili yapo na kila moja peke yake lilikuwa halitoshi kuonekana. Au plagi, kama fundi wa pili alivyosema, maana kushikashika kwa baridi ni dalili yake pia. Leta namba za masahihisho, hapo ndipo tutaacha kubahatisha.

#37 Spana17

Boksa, kabla hujanunua chochote Kariakoo, feki za pamba zimejaa. Shika mpira wa ukingo: wa feki mgumu na una harufu kali. Hesabu mikunjo, feki inaweka michache ili kuokoa kitambaa. Ielekeze kwenye jua: pamba kavu isiyo na mafuta utaona mwanga kwenye vitundu, iliyotiwa vizuri ina rangi sawasawa kote. Karatasi feki nazo zipo, ukizikunja kwa kidole gundi ya mikunjo inaachia.

Ukishaifunga, usimwamini muuzaji wala mimi. Paka grisi nyembamba sana ndani ya boksi upande msafi, karibu na ukingo. Baada ya safari za Mvomero fungua. Grisi ikiwa na mchanga, hewa inapita pembeni.

#38 KoniKubwa

Na akitaka uyoga, atahitaji kutyuni (kupanga upya kontrol boksi), hilo naliweka wazi ili lisije likawa lawama. Bomba la MAF likibadilika kipenyo, kipimo kinabadilika. Mfano tu: kutoka milimita 65 kwenda 70, eneo linaongezeka karibu asilimia 16, hewa inapita polepole kwenye waya, sensa inasoma pungufu, na kwa boost kubwa hapo ndipo piston zinapoanza kugonga. Mimi nimetyuniwa. Asiyetyuniwa abaki na boksi.

#39 Mzee_wa_Karatasi

KoniKubwa leo umeongea kama mimi.

#40 Boksa_Moro

Asanteni sana wote. Nimeamua kwa sasa: boksi la kiwandani linabaki, klipu iliyovunjika nitaweka mpya, plastiki ya fenda nimeangalia, upande wa kulia haipo, naitafuta. Karatasi orijino kwa msimu huu wa vumbi, na nitanunua sinthetiki kavu ili nipime zote mbili kwa ule mpira wa maji wa Dada_EJ, nikiwa na abiria mmoja kwenye lami tupu. Namba nitazileta hapa hapa.

Dada, mpira wa kipenyo gani? Na nikichomeka ncha kwenye bomba, sitaharibu usomaji wa MAF?

#41 Dada_EJ

Wa milimita 4 hadi 6 ndani unatosha. Usichomeke kabla ya MAF karibu nayo. Tumia tundu la mpira wa hewa ya krankesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili) lililoko baada ya MAF, toa mpira, upande wa injini uache upumue hewani kwa muda wa kipimo, chomeka wako. Urefu wa mpira hauathiri kimo cha maji. Weka kitanzi kirefu upande wa injini, la sivyo turbo itakunywa maji yako ya rangi.

#42 KoniKubwa

Pima na mimi nipo Moro Jumamosi ijayo. Nakuja na uyoga na mpira wangu.

#43 Spana17

Njoo na ile ngao ya bati nayo tuipime joto.

#44 Pwani_Boost

Gazeti limelowa kidogo pembeni tu, katikati kavu. Hiyo inahesabika vipi?